Kisanduku cha Marehemu

Chama cha ushirika kilipokufa, ghala lake la kahawa pale Mbinga mjini lilikaa tupu miaka kadhaa, popo wakalifanya lao. Wanunuzi binafsi walikuwa wamekuja na magari yao na kuwafuata wakulima hadi mlangoni, hakuna tena aliyehangaika kubeba gunia hadi ghalani. Mwishowe parokia ikaliomba, ikapewa, ikafukuza popo, ikapiga chokaa, ikaweka ndani kompyuta tatu zilizotoka kwa marafiki wa Ulaya. Dishi likapanda juu ya bati. Nyuma kukawekwa jenereta kwa ajili ya siku umeme ukikatika, yaani siku nyingi. Lakini kuta hazikusahau kazi yao ya zamani. Ukifungua mlango asubuhi, harufu ya kahawa ilikupokea kabla ya kitu kingine.

Aliyefungua mlango huo ni Meinrad Ndunguru, mtu wa makamo, mwenye darasa lake la saba na mikono ya fundi. Kazi aliipata kwa sababu ya jenereta. Kompyuta alijifunzia humo humo, kidogo kidogo, kama mtu anavyojifunza kuishi na mkwe: ujue anachopenda, ujue anachochukia, usimguse akinuna. Enzi hizo simu za mkononi zilikuwa za kupigia tu. Aliyetaka mtandao alikwenda kwa Meinrad.

Sasa kulikuwa na Sista Teodora, mtawa wa umri wa kutosha kumwita kila mtu kijana, aliyesimamia mambo ya afya ya parokia. Siku moja alirudi kutoka semina ya Songea akiwa na habari mpya. Kuna ukurasa, alisema, ambao ukitafutia kitu hapo, chochote kile, wenye ukurasa wanatoa sadaka ndogo kwa jambo jema ulilochagua. Wao wanalipwa na watu wa matangazo, na sehemu ya malipo hayo wanaigawa. Yeye alikwisha kuandikisha jambo la kwetu: boti ya injini ya kubebea wagonjwa kule ziwani, kwenye vijiji ambavyo mama mwenye uchungu hubebwa kwa mtumbwi, na upepo wa mwera ukivuma habebwi kabisa.

Meinrad alitaka kuhakikisha ameelewa. "Yaani Sista, mtu anatafuta chake, halafu wao ndio wanaotoa?"

"Ndiyo."

"Hata akitafuta upuuzi?"

"Hata upuuzi, Bwana Meinrad. Tena upuuzi ndio utakaotununulia boti, maana ndio mwingi."

Basi Meinrad akaufanya ukurasa ule uwe wa kwanza kufunguka kwenye kompyuta zote tatu. Katikati palikuwa na kisanduku cheupe cha kuandikia unachotafuta. Pembeni palikuwa na picha ya boti iliyochorwa kwa mstari mweusi, na ndani yake rangi ya bluu iliyopanda kutoka chini taratibu kadiri sadaka ilivyoongezeka. Watu wa vijiji vya milimani, kama Mkumbi na Mpepai, waliipenda sana picha ile. Kwao ilikuwa boti inayokaribia kupatikana. Meinrad alizaliwa ziwani, na kwa mtu wa ziwani ile ilikuwa boti inayoingia maji. Hakumwambia mtu. Alibandika karatasi kwenye kioo kuifunika picha ile, Sista akaibandua, akaibandika tena, Sista akaibandua tena bila kuuliza, mwisho Meinrad akaacha.

Tangazo lilitolewa kanisani Jumapili baada ya misa, na Jumatatu watu wakaja. Wakulima walitafuta bei ya kahawa ya dunia, wakasikitika, wakaondoka. Wanafunzi walitafuta wachezaji wa mpira. Shida ilikuja kwa wazee. Walitaka kuchangia boti, walipenda kwamba haiwagharimu chochote, ila hawakujua watafute nini. Mzee Edmund wa Mkumbi alikaa mbele ya kioo na kofia yake magotini, akauliza kwa sauti iliyosikika chumba kizima, "Mimi nitafute nini? Sijapoteza kitu."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akafikiri kidogo, halafu akasema, "Labda mke wangu."

Mke wake alikuwa amefariki masika yaliyopita. Na ule ulikuwa mwanzo wa Novemba, mwezi wa marehemu, ambapo kanisani kila familia inaandika majina ya wafu wake kwenye bahasha, inatia sadaka, na padri anayasoma misani. Kwa Mzee Edmund jambo halikuwa na tofauti yoyote: jina linatajwa, sadaka inatoka, mhitaji anasaidiwa, marehemu anapata neema yake. Meinrad akaandika jina la yule mama kwenye kisanduku, akabonyeza. Kioo kikaleta mwanamke wa Kizungu wa nchi ya mbali, jina karibu lile lile, amesimama na farasi.

Mzee Edmund akamtazama yule mwanamke, akamtazama na farasi. "Huyu siye," alisema. "Lakini ametajwa?"

"Ametajwa, mzee."

"Na sadaka imetoka?"

"Imetoka."

"Basi."

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Habari ilipanda na kushuka vilima haraka kuliko gari la mnada. Wiki haikuisha, foleni ikafika nje ya ghala, kina mama na khanga zao za kanisani, wazee waliovaa koti la arusi, kila mmoja na majina yake mdomoni. Sista Teodora alishtuka, akaeleza mara tatu kwamba hii si misa, ni kompyuta. Walimsikiliza kwa adabu, wakaendelea kupanga foleni. Rangi ya bluu ilikuwa inapanda kwenye boti, na yeye alishawahi kumpokea mtoto ndani ya mtumbwi uliokuwa unachotwa maji kwa bakuli. Akanyamaza. Aliweka sharti moja tu: kila jina litanguliwe na neno marehemu, ili wafu wasichanganywe na walio hai. Padri naye akawa hajaona kitu.

Sharti lile lilishika kuliko Sista alivyotarajia. Mjini pote watu wakawa na hofu ya kuandikwa. Vilabuni mtu akimkera mwenzake aliambiwa, "Endelea, kesho nakwenda kukutafuta," na mwenzake alicheka lakini si sana.

Kompyuta zile zilikuwa na tabia moja ambayo lazima nieleze. Ukianza kuandika neno, kisanduku kilikumbuka yaliyoandikwa humo siku za nyuma kwa herufi zile zile, kikayateremsha chini, mstari mmoja baada ya mwingine, ili uchague usichoke kuandika. Lilikuwa jambo la kawaida la mashine. Ila kwa sababu kila mtu alianza na neno moja, ilitosha kugusa herufi mbili tu, M na A, wafu wote wa Mbinga wakateremka. Mama mmoja wa Mpepai alimwona marehemu mumewe akishuka kabla hajamaliza kumtaja, akafanya ishara ya msalaba, akasema, "Kumbe alikuwa anangoja."

Meinrad aliwaandikia wafu wa watu kutwa nzima, lakini wa kwao hakumwandika.

Alikuwa na mdogo wake, Protasi. Walikulia pamoja huko chini ziwani, kabla mama yao hajakataa kuyaona maji na kuhamia Mbinga. Walikuwa na mtumbwi mmoja, na ubavuni Protasi alichora majina yao kwa kisu cha moto: MEINLADI NA PLOTASI. Aliacha shule darasa la tatu, na herufi R hakuwahi kupatana nayo. Meinrad alimcheka kwa jambo hilo tangu utotoni. Alimwambia, wewe hata jina lako hulijui. Protasi alijibu kwamba analijua vizuri, ila wengine ndio wanaolikosea.

Siku moja walivuka kupeleka maharage, mwera ukawakuta katikati. Mtumbwi ulipinduka mchana kweupe. Meinrad alikumbuka mkono wa Protasi kwenye kola ya shati lake, na sauti ikimwita, kisha wimbi likawatenganisha, kisha hakukumbuka kitu tena hadi alipoamka kwenye mchanga wa kijiji cha mbali, watu wamemzunguka. Protasi hakuonekana, na mwili wake haukuonekana.

Kwa watu wa pwani ile, mtu akipotelea ziwani na asipatikane, wanangoja mwaka, kisha wanakata mgomba, wanauvisha nguo zake, wanauzika kwa heshima zote. Hapo ndipo anahesabiwa kuwa amekufa. Mwaka ulipotimia, wazee walimjia mama yao, Vitalia, na mgomba ukiwa umekwisha kukatwa. Mama akasimama mlangoni.

"Mimi sikuzaa mgomba," alisema. "Siwezi kuuzika."

Tangu hapo Protasi hakuwa hai wala hakuwa maiti. Wengine walisema alitupwa upande wa Malawi na anaishi huko na mke na watoto. Mama alikuwa ameliweka shati lake jeupe la kipaimara kwenye sanduku, analifua kila mwaka, analianika, analirudisha. Na Meinrad, tangu intaneti ilipofika, kila alipokuwa anafunga chumba jioni aliandika Protasi Ndunguru kwenye kompyuta namba moja ya karibu na mlango, jina tupu, bila neno marehemu. Hakupata kitu. Alizima, akafunga, akaenda nyumbani.

Wazee wa pwani wana jambo jingine, na Meinrad alilijua kama kila mtoto wa kule anavyolijua. Mtu aliyepotelea majini akirudi na kusimama mlangoni, hakumbatiwi kwanza, hata akiwa ni mwanao. Anakalishwa karibu na moto. Mtu hai hukauka. Aliye wa ziwa hakauki, hata umwashie kuni za msitu mzima.

Novemba ile mvua zilichelewa. Vumbi la Mbinga lilikuwa jekundu hadi kwenye majani ya mibuni. Ndipo kiti cha kompyuta namba tatu, ile ya pembeni kabisa karibu na ukuta wa nyuma, kilipoanza kulowa. Meinrad alikikuta asubuhi moja kina maji kwenye sponji yake, na sakafuni chini yake kidimbwi. Akapanda darini kutazama bati, hakuona tundu. Akafuta. Siku iliyofuata kulikuwa na maji tena, na katikati ya vitufe vya kibodi punje za mchanga mweupe. Alikung'uta kibodi akailaumu jenereta, halafu akacheka mwenyewe, maana jenereta haitoi mchanga. Akamwambia Sista bomba la jirani limepasuka chini kwa chini. Sista akasema awekee ndoo. Akaiweka, ikakaa kavu, na kiti kikaendelea kulowa. Watu wakakikwepa kiti kile, wakasukumana kwenye viwili vilivyobaki.

Wiki hiyo hiyo mama yake alizidiwa. Miguu ilimvimba, pumzi ikawa fupi. Mganga wa zahanati alisema moyo umechoka, na mama alikubali kwamba hilo halikuhitaji mganga. Asubuhi moja, Meinrad alipompelekea uji, mama alimshika mkono. Alikuwa amesikia habari za kisanduku. Nani alikuwa hajasikia.

"Mwandike mdogo wako," alisema.

Meinrad aliweka bakuli la uji chini. Hakujua kama amesikia sawasawa.

"Nimechoka kumngoja nikiwa huku, baba. Mwandike na wenzake. Nikifika, nisianze kuulizauliza kama mgeni."

Alijaribu kubisha. Alimwambia habari za Malawi, kwamba watu wanapotea miaka na wanaonekana. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akasema mgomba aliukataa yeye, basi na kuruhusu aruhusu yeye. Alitaka afanye leo, arudi amwambie.

Meinrad alitembea hadi ghalani na miguu mizito kama anapanda mlima. Jambo lenyewe lilikuwa dogo, maneno matatu na kitufe kimoja. Amewaandikia watu mamia. Lakini alijua kwamba akishabonyeza, Protasi amekufa, na aliyemuua ni yeye, yule aliyetoka majini.

Alingoja hadi mchana, foleni ilipopungua kwa ajili ya chakula. Kwenye namba moja alikaa karani wa mnunuzi wa kahawa akipiga barua. Namba mbili ilikuwa imenuna tangu asubuhi. Ikabaki namba tatu. Akatandika gunia juu ya kiti kilicholowa, akakaa, akasikia ubaridi ukipenya gunia hadi kwenye suruali. Akaweka kidole kwenye M, akaweka kwenye A.

Wafu wa Mbinga hawakuteremka. Kwenye mashine ile uliteremka mstari mmoja tu.

malehemu meinladi ndungulu

Akausoma. Akausoma tena akifuata herufi kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Alifuta zile herufi mbili, akaziandika upya. Mstari ukashuka tena, taratibu, ukakaa.

Wazo la kwanza lilikuwa kwamba ni mlevi fulani wa kilabuni aliyetimiza kitisho chake. La pili, kwamba nusu ya Mbinga inaandika hivyo, L mahali pa R, na huenda kuna Meinrad mwingine aliyekufa kijiji fulani. Akainuka, akamwendea Sista Teodora kwenye chumba chake kidogo, akamuuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za ndoo kama kuna mtu amekaa namba tatu siku hizi.

Sista akakumbuka. Kuna kijana mmoja mpole, alisema, wa ziwani bila shaka, maana alinukia usipa, wale dagaa wa kule. Amekuja zaidi ya mara moja, nyakati ambazo Meinrad alikuwa nyuma na jenereta. Alimwamkia shikamoo vizuri sana. Hakutaka kuandikiwa, alisema jina la kaka yake anajua kuliandika mwenyewe. Akaandika kwa kidole kimoja, akichukua muda mrefu.

"Alisema kaka yake alikufaje?" Meinrad aliuliza.

"Majini. Walikuwa wote kwenye mtumbwi, maskini. Anasema amemtafuta kila mahali."

Meinrad hakuaga. Alitoka nje, akapita sokoni, akapita stendi, akapanda kilima cha kwao akikimbia, mtu wa umri wake, hata watu wakadhani mama amefariki. Kichwani mambo yalikuwa yamenyooka kama kamba. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye angeweza kuamini kwamba Meinrad alikufa maji, naye ni yule waliyekuwa pamoja. Wimbi liliwatenganisha. Kila mmoja alidhani mwenzake amezama. Protasi alitupwa ng'ambo, akaishi huko akiomboleza, na sasa amesikia habari za kisanduku cha Mbinga, kinachotaja wafu, akaja kumtaja kaka yake. Yu hai. Amekaa ndani ya ghala lile lile, hatua chache kutoka kwenye jenereta, na wamepishana kama wajinga.

Alimkuta mama ameegemea ukuta karibu na mafiga, khanga mabegani. Akapiga magoti mbele yake, akamweleza yote bila kupumua: mstari, herufi L, Sista, usipa, mtumbwi. Akamwambia mwanao yupo, mama. Atarudi kesho, nitamngoja, nitamleta hapa.

Mama hakulia wala hakucheka. Alimtazama Meinrad kwa muda, kama anampima homa kwa macho.

"Alipokaa," alisema, "palikuwa pakavu au pamelowa?"

Moto ulikuwa unatoa moshi kidogo. Meinrad alifungua mdomo, na papo hapo akausikia tena ule ubaridi kwenye suruali yake, nyuma ya mapaja, ambao kwa kukimbia kilima chote kwenye jua la Novemba ulipaswa kuwa umekwisha. Akaweka mkono. Kitambaa kilikuwa kimelowa chapa. Akakumbuka neno la Sista, kijana mmoja, na kwamba Protasi leo angekuwa na mvi kama zake.

"Pamelowa, mama."

Mama akafumba macho. Alikaa hivyo hata Meinrad akaogopa, akamgusa. Ndipo akasema, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayetuma sokoni, "Basi kata mgomba."

Kisha akamshika mkono kabla hajainuka. "Lakini kwanza nenda ukamwambie. Mtoto hajui kwamba ulitoka. Miaka yote hii yumo humo anakutafuta wewe. Hawezi kulala na kazi haijaisha."

Meinrad akarudi. Karani wa kahawa alikuwa ameondoka, Sista alikuwa kanisani, na mwanga wa alasiri uliingia kwa madirisha ya juu ukaishia katikati ya chumba. Kule nyuma, chini ya kiti namba tatu, maji yalidondoka. Tone, kisha kimya, kisha tone. Hakuleta gunia safari hii. Alikaa kwenye maji yale yale, na harufu ya kahawa ikaondoka, ikaja harufu ya usipa na mchanga uliolowa, harufu ya nyumbani.

Kwenye kioo, boti ilikuwa imejaa bluu karibu na ukingo.

Akaweka vidole kwenye kibodi. Akaanza kuandika Protasi, akafika kwenye R, akasimama. Miaka yote ya kutafuta jioni aliandika jina kama lilivyo kwenye cheti cha ubatizo, akashangaa kwa nini halimpati mwenyewe. Akafuta. Akaandika upya, polepole, kwa kidole kimoja:

plotasi mimi nilitoka. niko mzima. acha kunitafuta

Akabonyeza. Mashine ikafikiri. Kisha ikaleta ukurasa mweupe wenye maneno machache ya Kiingereza ambayo Meinrad aliyajua kwa sura, kwamba hakuna kilichopatikana. Rangi ya bluu ikapanda kidogo kwenye boti.

Alikaa akingoja, hakujua anangoja nini. Tone likaanguka chini ya kiti. Alisikiliza lijalo. Mkono wa baridi ukamshika kola ya shati kwa nyuma, ukaivuta mara moja, taratibu, kama mtu anayehakikisha kwamba kola ina shati na shati lina mtu. Meinrad hakugeuka. Wazee hawajasema kwamba usigeuke. Ni yeye tu aliyeona kwamba akigeuka atamkumbatia. Mkono ukaachia. Tone lililokuwa lije halikuja.

Jumamosi walishuka ziwani kwa gari la parokia, mama amelazwa nyuma juu ya godoro, na kando yake mgomba uliokatwa shambani mwao, umevishwa shati jeupe la kipaimara. Lilikuwa dogo kwa mgomba ule, Meinrad akalazimika kuliacha vifungo wazi. Mama alitazama maji kwa mara ya kwanza tangu alipoyakimbia. Watu wa kijiji walichimba kaburi juu kidogo ya mchanga, katekista akasoma sala, na mama akatupa udongo wake akiwa ameketi kwenye kigoda. Ziwa siku hiyo lilikuwa limetulia. Waliporudi milimani, mvua ya kwanza iliwakuta njiani ikapiga vumbi lote likalala.

Jumatatu Meinrad alifungua ghala. Mvua ilikuwa imenyesha usiku mzima juu ya bati lile la zamani. Akaenda moja kwa moja hadi nyuma, akaweka kiganja juu ya kiti namba tatu, akakiminya.

Kilikuwa kikavu.

Akakaa. Akagusa M, akagusa A. Mashine haikuteremsha kitu. Kisanduku kilikuwa cheupe kabisa. Akaandika neno zima mwenyewe, marehemu, kisha jina. Sista Teodora alikuwa amefika na mwavuli wake unaochuruzika, akasimama nyuma yake akifuta miwani, akasoma kwenye kioo.

"Bwana Meinrad, umekosea," alisema. "Pale ni R. Protasi."

"Acha tu, Sista," Meinrad alisema, akabonyeza. "Ndivyo anavyoliandika mwenyewe."